Mashine ya boti imelala msimu mzima: namna ya kuiamsha bila kuiua

Kaskazi ikikaribia, maswali huwa ni yaleyale. Boti ilipandishwa pwani kusi ilipoanza kuvuma, ikafunikwa turubai, mashine ikaachwa imening'inia palepale nyuma. Sasa bahari imetulia, mwenye boti anavuta kamba mpaka bega linamuuma, na mashine haikohoi hata mara moja. "Tuliiweka nzima, mbona haiwaki?" Halafu linafuata swali la pili, lile linalokula pesa: "Ninunue kifaa gani?"

Usinunue kitu bado. Mashine iliyozimwa ikiwa nzima ikakaa miezi sita, mara nyingi haina kifaa kilichokufa. Ina petroli iliyochacha, plagi zilizoshika kutu na njia za maji zilizoziba. Hayo yote unaweza kuyashughulikia mwenyewe chini ya mwembe.

Maelezo haya ni ya mashine za kuning'iniza za tustroki, yaani zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, kama Yamaha Enduro za 15 na 40 zilizozagaa mwambao wetu. Kama yako ni ya fostroki mengi yanafaa pia, ila usichanganye oili kwenye petroli yake. Yenyewe ina oili yake chini, nayo uibadilishe.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Spana ya plagi, spana za kawaida, bisibisi mbili (bapa na nyota), koleo yenye mpini wa plastiki
- Plagi mpya zenye namba ileile iliyoandikwa kwenye zile za zamani, au namba iliyo kwenye kijitabu cha mashine
- Petroli mbichi, lita tano zinatosha kwa majaribio
- Oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3
- Oili ya gia ya boti na washa mpya za skrubu zake
- Chupa ya kioo, safi, inayopitisha mwanga
- Pipa la lita 200 lililokatwa juu, na maji matamu ya kulijaza
- Brashi ya waya, msasa laini, matambara, grisi
- Kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni
- Mchanga kwenye ndoo, kwa ajili ya moto

Kuhusu oili: ile ya bodaboda za zamani au ya misumeno ya kukatia miti isikushawishi kwa bei. Mashine ya boti inapozwa na maji, na oili yake imetengenezwa iungue bila kuacha majivu. Ukiweka ile nyingine mashine itawaka, hilo sikatai, lakini masizi yanajenga juu ya pistoni na kwenye pete zake, na utayalipia msimu ujao.

Fanya kazi nje, penye hewa. Mvuke wa petroli ni mzito, unashuka na kukaa chini ya mbao za sakafu ya boti, na huko hauonekani. Hakuna sigara, hakuna jiko karibu, wala simu kuchajiwa kwenye betri ya boti huku petroli iko wazi.

Hatua

1. Itazame kabla ya kuigusa. Fungua kofia ya mashine. Panya hupenda kulala humo na kutafuna nyaya. Nyigu wa udongo nao hujenga ndani ya tundu dogo la nyuma linalorusha mchirizi wa maji, na kwenye matundu ya chini yanayovuta maji. Chokoa matundu yote kwa mshipi wa nailoni, si kwa msumari. Bonyeza mipira ya petroli kwa vidole: iliyokakamaa au yenye nyufa ibadilishwe sasa, maana itavuta hewa na utahangaika na kabureta bure.

2. Ivute kamba polepole, gia ikiwa frii, plagi zikiwa zimetolewa. Hapa hatuwashi, tunataka kujua kama pistoni zinatembea. Zikitembea laini, endelea. Zikigoma, acha hapohapo. Usiigonge kwa nyundo, na wala msiivute watu wawili. Mimina vijiko viwili vya oili ya boti kwenye kila tundu la plagi, acha ilale usiku kucha, kesho jaribu tena taratibu kwa kushika gurudumu la juu na kulizungusha kwa mkono. Mashine iliyoshika kutu kidogo huachia. Ikigoma siku ya tatu, kichwa cha mashine (kifuniko cha juu ya silinda) kinahitaji kufunguliwa, na hiyo ni kazi ya fundi.

3. Mwaga petroli ya zamani yote. Hapa ndipo watu wanaponibishia zaidi. "Lakini ni lita kumi na tano nzima, bado inanuka petroli." Petroli iliyochanganywa na oili ikakaa miezi kwenye joto la pwani hupoteza ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka, na inayobaki huanza kugeuka gundi. Tangi lililokaa nusu nalo huvuta unyevu. Usiku hewa inapopoa, matone yanashuka ukutani mwa tangi mpaka chini. Chota kidogo kutoka chini kabisa ya tangi, weka kwenye chupa ya kioo, acha dakika kumi. Ukiona mstari na chini yake kitu cheupe kinachotembea peke yake, hayo ni maji. Ukiona rangi ya chai ya rangi na harufu kali kama ya vanishi, imechacha. Usiimwage mchangani wala baharini. Itumie kuoshea vyuma vyenye grisi, kidogo kidogo.

Suuza tangi kwa petroli mbichi kidogo, tikisa, mwaga. Kagua na chujio dogo lililo kwenye mashine. Mara nyingi ni kikombe cha plastiki kinachofunguka kwa mkono.

4. Changanya mafuta mapya. Kwa mashine nyingi za aina hii kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili: lita 5 kwa mililita 100, lita 20 kwa mililita 400, lita 25 kwa nusu lita. Hakikisha na kijitabu chako. Tia oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, ndipo ujaze. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kulikoua mashine nyingi kuliko chumvi. Ukizidisha oili utapata moshi na plagi chafu; ukipunguza, pistoni inajikwangua ukutani na hakuna kurudi nyuma.

Na tafadhali, mafuta ya taa yasiingie humo. Yamaha walitengeneza mashine zenye herufi EK kwa ajili ya mafuta ya taa, zinazowashwa kwa petroli kisha zikabadilishiwa. Kama yako imeandikwa E peke yake, si hiyo.

5. Kagua moto wa plagi. Tazama kwanza plagi ulizotoa. Kavu yenye rangi ya kahawia hafifu: ilikuwa inaungua vizuri. Nyeusi na yenye mafuta: oili nyingi, choki (kile cha kuvuta kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha) iliyosahauliwa, au silinda hiyo haikuwa inawaka. Nyeupe kama chokaa: ilikuwa inapata joto kupita kiasi, kumbuka hilo ukifika hatua ya maji.

Weka plagi mpya kwenye kofia ya waya wake, ishike kwa koleo, uzi wake wa skrubu uguse chuma tupu cha mashine, mbali na tundu la silinda, na tangi liwe limeondolewa. Mwenzako avute kamba. Cheche iwe ya buluu, yenye mlio. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Fanya hivyo kwa kila silinda.

Kama hakuna cheche kabisa, usikimbilie kulaumu boksi la umeme (lile linalotengeneza cheche). Angalia kwanza ile kamba ya usalama yenye kipande chekundu kinachochomekwa kwenye swichi ya kuzimia. Kipande hicho kikiwa hakipo, mashine haiwaki hata uivute mpaka Ramadhani ijayo. Kisha swichi yenyewe: chumvi huingia ndani ikaishikanisha, na mashine inadhani umeizima. Halafu nyaya za chini zinazofungwa kwenye mwili wa mashine. Fungua kila moja, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga.

Kama silinda moja tu ndiyo haina moto, badilisha plagi mahali. Tatizo likihama na plagi, plagi ni mbovu. Likibaki palepale, tatizo ni kofia, waya au koili ya upande huo.

6. Kagua mgandamizo, yaani nguvu ya pistoni kubana hewa ndani ya silinda. Kama una geji ya kuupimia, silinda zote mbili zisome karibu sawa. Kama huna, kidole gumba kwenye tundu la plagi kisukumwe kwa nguvu kila mwenzako anapovuta. Upande mmoja ukiwa mlegevu waziwazi, usiendelee kutumia pesa kwenye kabureta.

7. Funga plagi. Zianze kwa vidole mpaka zikae, ndipo robo mpaka nusu mzunguko kwa spana. Kichwa ni cha aluminiamu. Ukianza na spana moja kwa moja na uzi ukaingia upande, umejiongezea kazi kubwa kuliko ile uliyokuja nayo.

8. Jaribio la kofia ya chupa. Kabla ya kufungua kabureta, toa plagi moja, mimina petroli iliyochanganywa, ujazo wa kifuniko kimoja cha chupa ya soda, rudisha plagi, futa kilichomwagika, washa mashine ikiwa ndani ya pipa la maji (namna ya kuiweka iko hatua ya 12). Ikiwaka sekunde chache kisha ikafa, umepata habari kubwa: moto upo, mgandamizo upo, na kinachokosekana ni petroli kufika. Isipotoa hata mlio mmoja, rudi hatua ya 5.

Usitumie ile dawa ya kupuliza ya kuwashia magari ya dizeli. Kwenye tustroki inaosha oili iliyo ukutani mwa silinda, na mashine iliyokaa muda mrefu tayari ni kavu.

9. Kabureta. Chini ya kikombe chake kuna skrubu ya kumwagia; fungua, kinga kwa chombo cheupe. Kikitoka kitu cha kijani au cha kahawia chenye kunata, kikombe kishushwe. Piga picha kwa simu kila hatua; ukifika kwenye kurudisha utajishukuru. Ndani kuna boya, pini ya boya na sindano ndogo inayofunga petroli. Pini hupotea mchangani, kwa hiyo tandika kitambaa cheupe chini. Toa jeti, yaani vile vijiskrubu vya shaba vyenye tundu katikati, vielekeze kwenye jua. Usipoona mwanga, viloweke kwenye petroli safi au dawa ya kabureta, pitisha mshipi wa nailoni, puliza. Waya wa chuma usipite hapo. Tundu hilo limepimwa. Ukilipanua kidogo tu, mashine itakunywa petroli na kutoa moshi siku zake zote.

Kama kuna skrubu ya pembeni ya kurekebisha mchanganyiko, ikaze kwanza taratibu mpaka iguse huku ukihesabu mizunguko, andika namba hiyo, ndipo uitoe. Wengi wanaitoa kwanza, kisha wanauliza irudi mizunguko mingapi.

10. Maji ya kupoza. Pampu ya maji iko kwenye mguu wa mashine, na ndani yake kuna gurudumu la mpira lenye mabawa. Mpira huo ukikaa miezi mkavu mabawa yanaganda yamejikunja, mengine yanapasuka. Kama hujui liliwekwa lini, weka jipya. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na pistoni.

Mguu unatoka kwa boliti chache na kiungo cha gia; kumbuka gia ilikuwa wapi na uiache hapo. Boliti zilizoshikana na chumvi zilowekwe oili ya kupenya usiku mzima, zisilazimishwe, zinakatika. Ukikuta bawa limekatika, tafuta kipande chake. Kama hakimo ndani ya pampu kimepanda juu kwenye njia ya maji, na kitaziba huko. Ukirudisha, paka mpira grisi isiyo ya petroli au sabuni, sukuma kikombe cha pampu chini huku ukizungusha shafti kwa upande wa mishale ya saa, mabawa yalale upande mmoja.

11. Oili ya gia. Weka chombo chini, fungua skrubu ya chini, kisha ya juu. Oili nyeusi au ya kijani-kahawia ni sawa. Ikitoka kama maziwa, maji yameingia. Vua propela utazame nyuma yake: mara nyingi kuna mshipi uliojizungushia shafti ukakata sili. Kujaza ni kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu, kisha funga la juu kwanza. Ukijaza kutoka juu hewa inabaki ndani.

12. Washa ndani ya pipa. Vua propela kama bado. Maji yapite juu ya bawa bapa lililo juu ya propela. Legeza skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Kuisahau ndiyo sababu ya mashine kuwaka vizuri dakika kadhaa kisha kufa. Bana pampu ya mkono, mshale wake ukielekea kwenye mashine, mpaka iwe ngumu. Choki, gia frii, vuta. Ikishika, rudisha choki.

Mchirizi wa maji utoke nyuma ndani ya nusu dakika. Usipotoka, zima, chokoa tundu, jaribu tena mara moja. Bado kavu, rudi hatua ya 10. Kuiwasha nje ya maji "kidogo tu tusikie" kunaua gurudumu la mpira kwa sekunde, hata lile ulilonunua jana. Na ndani ya pipa usipige resi.

13. Jaribu baharini. Nenda maji yanapojaa, si yanapokupwa, ili ikizima mkondo ukurudishe ndani. Beba makafi, nanga yenye kamba ya kutosha, majaketi ya kuokolea, plagi za akiba na spana yake. Zunguka karibu na pwani mpaka ipate joto, kisha uipe mwendo. Siku hiyo usichukue abiria.

Ikiwa bado inasumbua

Inawaka ukishika choki tu, ukiiachia inakufa. Jeti ndogo ya mwendo wa chini imeziba, au hewa inaingia kwenye mpira wa petroli. Rudi hatua ya 9, na safari hii usiharakishe.

Mwendo wa chini iko sawa, ukiongeza inalegea. Jeti kubwa au chujio. Au tangi halipumui.

Inakufa, lakini ukibana pampu ya mkono inafufuka. Hii naipenda kwa sababu inajieleza yenyewe. Pampu ya petroli ya mashine imechoka, ngozi yake ya ndani imepasuka, au kiungo cha mpira kinavuta hewa. Anza na kile kipete cha mpira kwenye kiungo cha tangi, ndicho rahisi zaidi.

Inamisi, inatetemeka, haina nguvu. Silinda moja haifanyi kazi. Zima, toa plagi: ile iliyolowa petroli ndiyo mgonjwa. Usichomoe kofia za plagi mashine ikiwa inaunguruma kama wanavyofanya vijana wa gereji. Utapigwa na umeme, na boksi la umeme laweza kuungua.

Inalia kwa resi lakini boti haiendi. Mashine ni nzima, ila propela inateleza kwenye mpira wake wa kati. Chora mstari kwa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, endesha, kisha tazama. Mstari ukikatika, mpira umeachia. Ukibaki sawa, angalia mwani au mfuko wa plastiki kwenye propela.

Mchirizi wa maji upo lakini mashine inachemka. Chumvi imejaa kwenye njia za kichwa au kwenye themostati (kilango kinachofungua maji mashine ikipata joto), kama ipo. Kuifungua si vigumu, ila gasketi mpya iwe mkononi kabla ya kugusa boliti.

Ikiwaka na ukamaliza kazi, usiiache kama ulivyoikuta. Iweke kwenye pipa la maji matamu, iungurume dakika kumi, chomoa mpira wa petroli na uiache ijizime yenyewe kabureta ikauke. Ihifadhi imesimama wima, si imelazwa. Kile kipande cha zinki kwenye mguu kisipakwe rangi. Kazi yake ni kuliwa na chumvi badala ya mashine, na rangi inakizuia.

Kama umepita hatua zote na bado kimya, mwite fundi, lakini usimwambie tu "haiwaki". Mwambie cheche ilikuwa ya rangi gani kila upande, kidole gumba kilisukumwa vipi, ile petroli ya kifuniko cha soda ilijibu au haikujibu, na umebadilisha nini. Mpe na zile plagi za zamani. Fundi anayejua kazi atazitazama kwanza kabla hajafungua boksi lake la spana. Akianza kukutajia bei ya vifaa bila kuuliza lolote kati ya hayo, tafuta mwingine.